Panga Masasisho ya Kompyuta kwa Saa za Kamukuywa

Enzi za Windows XP, saa iliyowekwa na watengenezaji kwa ajili ya kupakua na kusakinisha masasisho ilikuwa saa tisa usiku, kila siku ya Mungu. Walikuwa na sababu. Mwenye kompyuta amelala, umeme upo, na intaneti ya nyumbani kwake inalipiwa kwa mwezi, haihesabiwi kwa megabaiti. Windows za leo hazijaiacha fikra hiyo: matengenezo yao ya kila siku bado yamepangiwa saa nane usiku. Lakini saa nane usiku hapa kwetu Kamukuywa, Kenya, kompyuta nyingi za nyumbani zimezimwa na waya umechomolewa ukutani. Wengine wanaogopa radi, wengine wanabana tokeni za umeme, wengine bando lao la siku limekwisha. Kazi iliyopangiwa saa hiyo haifanyiki. Husubiri mpaka kompyuta iwashwe, na kompyuta huwashwa mtu akiwa na shughuli.

Fikiria mwalimu anayekaa hatua chache kutoka barabara kuu ya Webuye–Kitale. Ni saa mbili usiku na anataka kupandisha alama za tathmini za wanafunzi wake kwenye tovuti ya baraza la mitihani, KNEC. Simu iko kando ya kompyuta, hotspoti imewashwa, bando ni gigabaiti moja ya kumtosha usiku huo. Ukurasa wa kuingilia haufunguki, kiduara kinazunguka tu. Kumbe kompyuta, tangu ilipoionja intaneti, imeanza kupakua sasisho la mwezi mzima. Ujumbe wa kampuni ya simu unaingia: bando lako linakaribia kwisha. Mwalimu anaamua kuzima, na kwa kuwa chaguo lililo mbele yake ni la kusasisha kisha kuzima, analibofya hilo. Asilimia zinapanda kwenye skrini: 12, 27, 30. Stima zinapotea.

Kesho yake mashine iko mezani kwa fundi.

“Fundi, hii kitu imenimalizia bando na bado haijamaliza kazi yake.”

“Pole, mwalimu. Wacha nizizime hizo apdeti kabisa, zisikusumbue tena.”

“Zima.”

Mazungumzo ya namna hii hufanyika Kamukuywa, Kimilili, Bungoma na Kitale, na ndiyo yanayonifanya niandike. Fundi anataka kumsaidia mteja wake, mwalimu anataka kazi yake iende. Lakini tangu dakika hiyo kompyuta yenye nywila za benki, za mamlaka ya kodi (KRA) na za tume ya walimu (TSC), yenye alama za watoto wa watu na hati za shamba zilizopigwa picha, imeachwa bila ulinzi mpya, na hakuna atakayekumbuka kuurudisha. Masasisho hayakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa saa yake. Tukiipata saa inayofaa, hakuna haja ya kuyazima.

Kwanza tuelewe kinacholetwa na masasisho hayo, maana wengi hudhani ni rangi mpya na vitufe kuhamishwa mahali. Hayo yapo, lakini ni machache. Kazi kubwa ni kuziba matundu ambayo wahalifu huingilia. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu katika njia ambayo Windows hutumia kushirikisha faili baina ya kompyuta na kompyuta. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, karibu miezi miwili baadaye, programu haribifu ya WannaCry ilipita katika tundu lilelile na kuzifunga faili za kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ikidai fidia kwa Bitcoin. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Dawa ilikuwa imekwishatolewa, na bure. Walioumia walikuwa hasa wale ambao hawakuwa wameisakinisha, au waliotumia mifumo ya zamani ambayo Microsoft ilikuwa imeacha kuihudumia.

Tena kuna jambo ambalo watu hawalijui: sasisho likishatolewa, wahalifu nao hulipakua. Hulilinganisha na programu ya zamani ili waone ni wapi palipozibwa, kisha huwatafuta ambao bado hawajaziba. Kwa hiyo siku ya kutolewa sasisho ndiyo siku mbio zinapoanza. Mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia au Bungoma anajua kwamba mbolea ya kukuzia ina majuma yake, na ukiiweka mahindi yakiwa yameshatoa mbelewele umetupa pesa. Sasisho la usalama nalo lina majuma yake. Siku chache za kungoja hazina ubaya, bali miezi mingi ni hatari.

Siku zenyewe zinajulikana. Tangu Oktoba 2003 Microsoft hutoa masasisho yake makuu Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu hiyo ni saa mbili usiku kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, na saa tatu usiku miezi iliyobaki. Yaani ni saa ileile ambayo mwalimu wetu anakaa mezani. Si bahati mbaya tu iliyomkuta, ni ratiba iliyopangwa mbali bila yeye kufikiriwa, na hana budi kupanga yake.

Ushauri wangu ni huu. Chagua saa ambayo umeme upo, bando lipo na mtu yupo nyumbani. Kwa nyumba nyingi za upande wetu, hiyo ni Jumamosi asubuhi, saa moja hadi saa tatu, Jumamosi inayoifuata ile Jumanne ya pili. Nitaeleza kwa nini asubuhi, na kwa nini saa mbili nzima.

Asubuhi, kwa sababu ya mvua. Anayeishi kati ya Mlima Elgon na mto Nzoia hahitaji kuelezwa jinsi siku inavyokwenda masika: kunakucha jua linawaka, saa nane mawingu yanashuka kutoka mlimani, alasiri ngurumo zinaanza na kila mwenye busara anachomoa televisheni. Umeme ukikatika, mara nyingi hukatika hapo au jioni. Lakini pia Kenya Power ikitangaza kuzima laini kwa matengenezo, saa zinazoandikwa sana kwenye matangazo yake ni tatu asubuhi hadi kumi na moja jioni. Kati ya kucha na saa tatu ndipo una matumaini makubwa zaidi ya kupata umeme usiokatika. Kama Jumamosi ni siku yako ya ibada, chukua Jumapili kabla ya kanisa, au siku yoyote ambayo hukimbilii kazini. Sasisho lisogee siku moja au mbili, si mwezi.

Saa mbili, kwa sababu Microsoft yenyewe ilieleza mwaka 2022 kwamba kompyuta inahitaji angalau saa mbili mfululizo ikiwa imewashwa na imeunganishwa na intaneti, na saa sita kwa jumla baada ya sasisho kutolewa, ili isasishwe bila kusuasua. Hapo ndipo wengi wetu tunapoishia. Tunawasha data dakika ishirini, tunatuma barua pepe, tunazima. Kompyuta inayotumiwa hivyo mwaka mzima inaweza kuwa inaanza kupakua kila siku na isimalize hata mara moja, huku ikiendelea kula bando. Afadhali saa mbili zilizopangwa mara moja kwa mwezi kuliko dakika ishirini za kubahatisha kila usiku.

Sasa tuingie kwenye mashine. Windows ya kawaida ya nyumbani haina mahali pa kuiambia “sasisha Jumamosi tu”. Lakini ina vitu viwili ambavyo ukiviunganisha vinakupa ratiba hiyo. Cha kwanza ni saa za matumizi. Fungua mipangilio, penye alama ya gurudumu la meno, nenda Windows Update, kisha chaguo za ziada, utafute palipoandikwa Active hours. Hizo ni saa ambazo kompyuta imekatazwa kujizima na kujiwasha yenyewe. Unaruhusiwa kuziweka hadi saa 18. Ziweke kwa mkono, usiiachie ikisie: kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alfajiri. Skrini itaonyesha 10 AM hadi 4 AM, maana inahesabu kizungu. Hapo umebakiza dirisha la kati ya alfajiri na saa nne asubuhi tu. Hata ukisahau, kompyuta haitajiwasha upya usiku ukiwa katikati ya kuandika maswali ya mtihani.

Cha pili ndicho chenye nguvu zaidi, na ni swichi moja. Kompyuta ikiunganishwa kwa hotspoti ya simu, Windows huiona kama waifai nyingine yoyote na hudhani data haina mwisho. Unapaswa kuiambia kwamba data hiyo inapimwa. Ukiwa umeunganishwa, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, fungua sifa za waifai hiyo, washa palipoandikwa Metered connection. Kuanzia hapo masasisho makubwa husimama yakusubiri wewe. Machache ya dharura tu ndiyo yanayoweza kupita. Iache swichi hiyo ikiwa imewashwa wiki nzima. Jumamosi saa moja asubuhi nunua bando, izime, rudi Windows Update na ubofye kitufe cha kuangalia masasisho. Ukimaliza, iwashe tena. Swichi hiyo ndiyo kalenda yako. Kumbuka tu kwamba kila hotspoti ina swichi yake. Ukitumia simu ya mume leo na ya mke kesho, zote mbili zitiwe alama.

Wenye kompyuta zilizotoka ng'ambo, zile zinazouzwa Kitale na Bungoma kama ex-UK, wana nafuu ambayo pengine hawaijui. Nyingi zilikuwa za maofisini, na huja na Windows Pro. Pro ina kihariri cha sera, gpedit, ambamo unaweza kuchagua siku na saa ya kusakinisha, hata juma la mwezi. Usipoigusa saa, inabaki ileile ya zamani, saa tisa usiku, kwa hiyo ibadilishe. Kama mambo hayo yanakutisha, mpe fundi kazi hiyo badala ya ile ya kuzima. Mwambie: “Fundi, nipangie Jumamosi saa moja asubuhi.” Haitamchukua muda mrefu kuliko kuyazima.

Kuhusu bando, kuna habari njema ambayo ingewatuliza wengi kama wangeelezwa. Masasisho ya kila mwezi ya Windows hubeba yale yaliyotangulia. Usiposasisha Aprili na Mei, huna deni la miezi mitatu ifikapo Juni. La Juni linayo yote. Kwa hiyo ukikosa mwezi mmoja kwa sababu ada za shule zimebana, usikate tamaa ukadhani umeshachelewa. Ukubwa wake hubadilika: mara megabaiti mia kadhaa, mara hupita gigabaiti moja. Toleo jipya zima la Windows, ambalo huja takriban mara moja kwa mwaka, huwa gigabaiti kadhaa. Hilo silishauri lipakuliwe kwa bando la simu kamwe. Kama una kipakatalishi na unakwenda mjini kwa shughuli nyingine, kichukue. Kaa kwenye saiba yenye intaneti ya kasi, au kwa ndugu aliyeunganishwa faiba, ulipakue toleo hilo huko. Usiogope kwamba waifai ni ya watu: masasisho ya Windows hutiwa sahihi ya kidijitali, na kompyuta huikagua sahihi hiyo kabla ya kuyakubali. Cha kuogopa ni kuingia benki kwenye kompyuta ya saiba, si kupakua sasisho kwenye yako.

Nyumba zenye kompyuta mbili zinaweza kuokoa nusu ya gharama. Katika chaguo hizohizo za ziada kuna sehemu inayoitwa Delivery Optimization, ambayo huruhusu kompyuta moja kuipa nyingine kile ilichokwisha kupakua. Chagua zilizo kwenye mtandao wa nyumbani pekee. Ukichagua pia za kwenye intaneti, kompyuta yako itaweza kutumia bando lako kuwapelekea watu usiowajua. Hapohapo unaweza kuweka kikomo cha kasi ya kupakua, ili mtoto anayesoma kwa simu asikwame.

Na ukitaka kujua nani hasa anakula data yako, usikisie. Kwenye mipangilio ya mtandao kuna ukurasa wa matumizi ya data unaoorodhesha kila programu na kiasi ilichochukua. Mara nyingi watu hulaumu Windows kumbe ni hifadhi ya picha ya mtandaoni inayopandisha kila picha ya harusi, au video zinazojicheza zenyewe kwenye mitandao ya kijamii.

Suala la umeme linahitaji umakini zaidi kuliko bando, kwa maana bando likiisha unanunua jingine. Stima zikipotea katikati ya usakinishaji, Windows kwa kawaida hujirudisha ilikokuwa, ingawa huchukua muda na nyakati nyingine hukwama. Kompyuta isiyoharibika mara ya kwanza inaweza kuharibika ya tatu. Lakini kuna aina moja ambayo haina msamaha, nayo ni sasisho la programu ya msingi iliyo ndani ya ubao mama, ile BIOS, ambalo huletwa na kampuni zilizounda mashine, kama HP, Dell au Lenovo. Umeme ukikatika katikati yake, ubao unaweza kufa kabisa. Ndiyo sababu watengenezaji hutaka kipakatalishi kiwe kimechomekwa na betri iwe na chaji kabla ya kuanza. Kipakatalishi cha ex-UK kikija na betri iliyochoka, isiyodumu hata dakika kumi, ni sawa na kompyuta ya mezani. Usikubali sasisho la BIOS juu yake mpaka ubadilishe betri au uazime UPS, kile kifaa cha betri ya akiba.

Wakenya tunajua kwamba tahadhari hii si woga wa bure. Mwaka 2023 pekee umeme ulipotea karibu nchi nzima Agosti, Novemba na Desemba. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, cha kampuni ya KenGen, akaangukia transfoma, na nchi ikaingia gizani. Tumbili alipona. Kama transfoma ya KenGen inaweza kuangushwa hivyo, waya unaopita kwenye miti ya mikaratusi kuelekea kwako hauwezi kupewa dhamana. Kompyuta ya mezani inahitaji UPS ndogo. Haihitaji kushikilia saa mbili, inahitaji kushikilia dakika kumi na tano za mwisho ambazo skrini inaonyesha asilimia. Kupakua kukikatizwa, huendelea baadaye. Kusakinisha ndiko kusikokatizwe.

Halafu kuna jambo dogo linalowapotosha hata wazoefu: kuzima kompyuta si sawa na kuiwasha upya. Tangu Windows 8, ukizima kwa njia ya kawaida, mashine huhifadhi sehemu ya kiini cha mfumo kwenye diski ili iwake haraka kesho yake. Sasisho lililokuwa likingoja laweza kubaki nusu. Siku ya kusasisha, chagua kuwasha upya, subiri mpaka urudi kwenye ukurasa wako, kisha ndipo uzime. Halafu ingia tena Windows Update uone kama hakuna kinachodai kuwashwa upya mara ya pili, kwa sababu hutokea.

Kuna majuma ya mwaka ambayo hata ratiba nzuri isimamishwe. Juma la mwisho la Juni ni mojawapo, kwa kuwa marejesho ya kodi ya KRA hufungwa tarehe 30 na nusu ya taifa iko kwenye tovuti hiyo. Siku za mwisho za kupandisha alama za KNEC ni nyingine. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii au cha Masinde Muliro anayemalizia tasnifu ana zake. Windows hukuruhusu kusimamisha masasisho hadi siku 35, kisha hukulazimisha kusasisha kabla ya kusimamisha tena. Tumia ruhusa hiyo kwa sababu maalum, yenye tarehe ya mwisho unayoijua. Anayesimamisha kila mara bila sababu amefanya kazi ileile ya fundi wa kuzima, polepole.

Wapo wanaosema masasisho yenyewe huharibu kompyuta, na siwezi kuwaambia wanakosea. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye hitilafu kutoka kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, na kwenye baadhi ya viwanja vya ndege pasi za kupandia ndege zikaandikwa kwa kalamu. Hizo zilikuwa hasa kompyuta za mashirika, si za nyumbani, lakini funzo linatuhusu. Ndiyo maana nimesema Jumamosi na si Jumanne usiku. Siku zile tatu au nne zinatosha kwa hitilafu kubwa kuonekana kwa wengine, na kwa Microsoft kuliondoa sasisho baya. Ndiyo maana pia, kwenye ukurasa wa Windows Update, ile swichi ya kupokea masasisho mapya mara tu yanapopatikana inafaa kuzimwa. Inawafaa wanaopenda kujaribu. Na yale masasisho ya hiari yanayoletwa majuma ya mwisho ya mwezi, yapite. Yatakuja yenyewe Jumanne ya pili ya mwezi unaofuata yakiwa yamejaribiwa zaidi.

Kabla ya yote hayo, weka nakala. Nunua flashi au diski ya nje, nakili kazi zako Ijumaa jioni, kisha ichomoe. Neno muhimu ni kuchomoa. Mwezi Juni 2017 kampuni ya meli ya Maersk ilishambuliwa na programu haribifu iitwayo NotPetya, na seva zilizohifadhi orodha ya watumiaji na ruhusa za mtandao wake mzima zikafutwa, nakala kwa nakala, kwa sababu zote zilikuwa zimeunganishwa. Ilipona moja tu, nchini Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika ofisini humo kabla ya shambulio. Kampuni yenye meli mamia iliokolewa na kukatika kwa umeme Afrika Magharibi. Nakala inayobaki imechomekwa kwenye kompyuta mwaka mzima itaangamia pamoja na kompyuta.

Sasa kwa wale ambao fundi alishazima. Fungua Windows Update utazame tarehe ya mara ya mwisho kuangalia masasisho, kisha ufungue historia ya masasisho. Ukiona mwaka juzi, au ukiona maandishi yanayosema mipangilio inasimamiwa na shirika lako ilhali hii ni mashine ya mezani kwako sebuleni, kuna mtu alibadilisha kitu. Mara nyingine aliyekuuzia alizima kwa sababu Windows aliyoweka si halali, akiogopa itagundulika. Muulize waziwazi. Mashine nyingi za ex-UK zilikuja na leseni halali tangu kiwandani, na kusakinishwa upya kwa njia safi huirudisha bila malipo ya leseni.

Na kama ni Windows 10, kuna tarehe nyingine ya kuzingatia: huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft ilitangaza mpango wa nyongeza kwa watu binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026, unaopatikana bila pesa kwa aliyekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft, au kwa dola 30. Kompyuta nyingi za miaka ya 2013 hadi 2017 hazikubaliwi rasmi na Windows 11, kwa kuwa inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni. Mimi ningekuwa na mashine kama hiyo, ningehamia mfumo wa Ubuntu au Linux Mint bila kusita. Zote ni za bure na huenda vizuri kwenye kompyuta ya zamani. Ubuntu 24.04, iliyotoka Aprili 2024, inahudumiwa kwa miaka mitano. Kwa maisha ya huku ina tabia moja nzuri sana: kazi ya kusasisha usalama ikikuta kompyuta imezimwa, haipotei wala haingoji kesho, hufanyika mara kompyuta inapowashwa. Hata hivyo, ili isikumalizie bando ukiwa na shughuli, itie hotspoti alama ya data inayopimwa huko pia. Mint yenyewe haijisasishi mpaka uiruhusu, lakini ina chombo cha kupiga picha ya mfumo kabla ya kusasisha, ili mambo yakiharibika urudi nyuma.

Kivinjari, iwe Chrome au Firefox, usikipangie Jumamosi. Huletewa marekebisho ya usalama mara kwa mara, na ndicho kinachokutana na watu wabaya kwanza. Hujisasisha chenyewe, na kwa kawaida masasisho yake si makubwa kama ya Windows. Kinachohitaji ni kufungwa kabisa na kufunguliwa tena, jambo ambalo mtu mwenye kurasa arobaini wazi hataki kulifanya. Kifunge kila unapomaliza kazi za siku.

Na sasisho la kweli haliletwi kwa WhatsApp. Haliletwi na ukurasa wa tovuti unaowaka ukisema Chrome yako imepitwa na wakati, bofya hapa. Halisemwi na mtu anayepiga simu akidai anatoka Microsoft. Linatoka ndani ya mipangilio ya kompyuta yako au ndani ya programu yenyewe, na hakuna kwingine. Wafundishe hivyo watoto na wazee wa nyumbani, kwa maana wahalifu wanajua kwamba watu wameambiwa wasasishe.

Jumamosi hii, kabla hujatoka kwenda sokoni, fungua historia ya masasisho usome tarehe ya juu kabisa. Kama imepita miezi miwili, nunua bando, hakikisha chaji iko, na uanze nayo asubuhi hiyohiyo. Kama fundi ndiye aliyezima, mrudishie mashine umwambie awashe, kisha akupangie saa.